Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Afya Mombasa: Vali za Moyo Zinaharibika Huku Faili Zimefungwa

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya afya ya umma Mombasa,
wasimamizi wa hospitali na zahanati za umma,
na wawakilishi wetu wa wadi.

Waheshimiwa,

KUH: UGONJWA WA VALI ZA MOYO KUTOGUNDULIWA MAPEMA, NA WALIOGUNDULIWA KUTOFUATILIWA

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha zimekwisha. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa nitapigiwa simu. Nilipofuatilia, karani aliyekuwepo hakuwa na habari nayo. Nikaandika nyingine, nikaonana na mkuu mmoja aliyenisikiliza kwa adabu mno, akanipa pole, akasema suala linashughulikiwa. Lipo pia sanduku la maoni mlangoni pa zahanati, lakini kufuli lake limeshika kutu na sijapata kumwona mwenye ufunguo. Basi nayasema mbele ya watu.

Sitaitaja zahanati wala hospitali inayohusika, na hakuna mhudumu nitakayemtaja kwa jina. Naona wanavyofanya kazi: mtu mmoja na foleni ya watu wanne. Nikimtaja mmoja ataandikiwa barua ya kujieleza, atahamishwa wadi nyingine, na mambo yatabaki yalivyo. Shida ninayoileta ni ya mpangilio, na mpangilio mko nao ninyi.

Aliyenifanya nishike kalamu ni mdogo wangu wa kike. Ameniruhusu nieleze yaliyompata, ila jina lake libaki nyumbani.

Alipokuwa darasa la tano aliugua koo. Mafindofindo yalimvimba, akanunuliwa vidonge vya maumivu dukani, koo likapoa. Wiki chache baadaye goti moja likavimba na kuwaka moto; lilipotulia likashika la pili, kisha kiwiko. Akapimwa malaria, akapimwa homa ya matumbo, mwishowe tukaambiwa mtoto anakua, ataacha. Sasa najua kwamba maumivu yanayohama kutoka kiungo hadi kiungo baada ya koo, kwa mtoto wa kati ya miaka 5 na 15, yanatakiwa kumfanya mtabibu afikirie homa ya baridi yabisi. Chanzo chake ni bakteria wa koo, streptokokasi. Mwili unapopambana nao, kinga yake hukosea ikashambulia viungo na moyo. Viungo hupona visiache alama. Vali za moyo, yaani milango midogo inayoruhusu damu ipite upande mmoja tu, hubaki na kovu, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Akiwa kidato cha pili alianza kuishiwa pumzi mchezoni. Tulichangishana kwenye familia, akafanyiwa eko ya moyo, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, katika kituo cha kulipia huko mjini. Ripoti ilisema kingo za vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, zimekuwa nene kidogo, haifunguki sawasawa, na kuna uvujaji mdogo. Tukairudisha zahanati. Ukasomwa mstari wa mwisho tu. "Ni kidogo, haina neno." Ikatiwa ndani ya faili, faili ikarudi kabatini. Hakuandikiwa tarehe ya kurudi wala sindano, na hakuna aliyemwambia kwamba siku akishika mimba aseme mapema kuwa ana jambo la moyo.

Lalamiko langu lote liko hapo. Kasoro ndogo ya vali ilionekana, ikaandikwa, kisha ikaachwa ikue peke yake. Na wako wengi ambao hata hawajafika pa kuonekana. Nayapanga kwa nambari ili mnijibu kwa nambari.

1. Moyo unasikilizwa juu ya nguo, katikati ya kelele.

Vali ya mitrali ikibana, sauti yake ni mngurumo wa chini, hafifu, unaosikika moyo unapolegea kujaza damu. Huupati kwa kugusisha stethoskopu kifuani na kuiondoa. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu wa kushoto, upande wa kengele wa chombo ukawekwa taratibu chini ya titi la kushoto, na chumba kikawa kimya. Uvujaji wa vali ya aota, mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini, nao humtaka mgonjwa aketi, ainame mbele, atoe pumzi yote kisha aizuie. Haya si ya mabingwa peke yao. Kila tabibu ameyasoma chuoni. Lakini chumba chenyewe mnakijua: feni inalia, dirisha liko wazi na tuktuk zinapita, mtoto anadungwa sindano nyuma ya pazia la pili, na anayefuata ameshaingiza kichwa mlangoni.

Kuna jambo jingine ambalo sote tunaliona haya. Mdogo wangu, na wanawake wengi wa huku kwetu Pwani, husikilizwa moyo juu ya buibui, juu ya deraa, juu ya kila kilichomo ndani. Tabibu ni mwanamume, pazia limeraruka, muuguzi mwanamke wa kusimama kando hayupo. Kila mmoja anamsitiri mwenzake, na chombo kinasikiliza kitambaa. Haya haijawahi kuwa udhuru wa kutosikiliza. Stethoskopu yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya haya: mwaka 1816 huko Ufaransa daktari René Laennec aliona vigumu kuweka sikio lake juu ya kifua cha msichana, akakunja karatasi ikawa bomba. Yeye alipata njia kwa karatasi. Sisi tumeshindwa na pazia.

Hata hivyo, sikio zuri nalo lina mwisho wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wanafunzi 2,170 wa Msumbiji walichunguzwa kwa njia mbili. Waliogunduliwa kwa kusikilizwa na eko ikathibitisha walikuwa 5. Eko yenyewe iliwapata 66. Waliobaki ni watoto waliokuwa wakicheza uwanjani na moyo wao "umepimwa, uko sawa". Kwa hiyo mtu mwenye historia ya viungo kuvimba baada ya koo, au anayeishiwa pumzi bila sababu, haitoshi kuambiwa kwamba mvumo, yaani sauti ya ziada ya damu ikipita moyoni, haukusikika. Kipimo cha umeme wa moyo kikitoka safi hakimalizi swali, wala picha ya eksirei ya kifua haimalizi. Vyote viwili vinaweza kuwa vya kawaida ugonjwa wa vali ukiwa mwanzoni.

Nitasema na upande wa pili, nisije nikaambiwa nawatia watu hofu. Si kila mvumo ni ugonjwa. Watoto wengi wenye afya nzuri wana mvumo usio na madhara, na eko ikitazamwa sana huona uvujaji mdogo hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote wa moyo. Ndiyo maana Shirikisho la Moyo Duniani liliweka vigezo mwaka 2012 na kuvipitia upya mwaka 2023, ili msomaji wa picha ajue lipi ni la kawaida na lipi ni kovu la baridi yabisi. Vigezo vipo. Havina maana kama hakuna anayeshika mashine.

Na swali linaloulizwa pia lina kasoro. "Unachoka?" Mdogo wangu alikuwa akijibu hapana, na hakuwa anasema uongo. Ugonjwa huu huja polepole mno hadi mtu anapunguza maisha yake bila kujua. Miezi mingi kabla hajashika mimba alikuwa ameacha kupanda ule mteremko wa feri inayotuvusha kutoka Likoni kwenda kisiwani pamoja na watu. Tukishuka upande wa kisiwani alikuwa akisimama kando, umati upite, huku anapekua mkoba kana kwamba anatafuta simu. Mimi dada yake nilidhani ni simu. Angeulizwa ni kitu gani ulikuwa ukikifanya mwaka jana ambacho siku hizi unakikwepa, jibu lingekuwa lile lile la mteremko wa feri, na pengine tusingefika tulikofika.

2. Aliyeonekana na kasoro ndogo haandikwi popote.

Vali iliyoanza kukakamaa inafanana na bawaba ya mlango wa Mji wa Kale iliyoanza kuliwa na chumvi: mlango unafunguka bado, mwenye nyumba haoni haja ya fundi. Wakati huo ndio ambao kazi ni ndogo na gharama ni ndogo. Kwa mtu mwenye kovu la baridi yabisi, hatari kubwa ni koo lingine na homa nyingine, kwani kila shambulio huongeza kovu juu ya kovu. Kinga yake ni sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki 3 au 4. Ni dawa ya zamani na ya bei ya chini.

Wala tusisafiri mbali kutafuta ushahidi. Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 waliokuwa na ugonjwa uliojificha, uliokwisha kuonekana kwa eko tu, walifuatiliwa kwa miaka 2. Nusu walipewa penisilini, nusu hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2021. Kati ya waliodungwa, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8. Kati ya wasiodungwa, asilimia 8.2. Nirudie kwamba hawa walikuwa watoto wa ile "kidogo, haina neno".

Wengi kati ya wasiodungwa hawakuzidiwa, hilo nalikubali. Lakini ni nani anayejua mapema yupi atazidiwa? Ndiyo sababu anayeonekana na kasoro huandikishwa, akapewa tarehe, picha ikarudiwa. Katika zahanati yetu hakuna daftari la namna hiyo. Nimeliulizia, nikaletewa daftari la presha na kisukari.

Na msiniambie kufuatilia watu hakuwezekani. Mgonjwa wa kifua kikuu akikosa dawa, mhudumu wa afya ya jamii humbishia hodi mpaka nyumbani. Mtoto akikosa chanjo, mama yake hupigiwa simu. Kazi hiyo mnaijua na mnaifanya vizuri.

3. Kliniki ya wajawazito hupima kila kitu isipokuwa moyo.

Mdogo wangu aliposhika mimba, uzito ulipimwa. Presha ilipimwa, damu, mkojo, tumbo likapimwa kwa utepe, na kijitabu cha mama na mtoto kikajazwa vizuri. Hakuna mahali ambapo moyo wake ulisikilizwa, wala hakuulizwa kama aliwahi kuvimba viungo utotoni.

Mimba huongeza damu mwilini kwa theluthi hadi nusu ya ile ya kawaida, na moyo hupiga haraka zaidi. Vali ya mitrali iliyobana inataka kinyume chake: inataka muda, damu ipite taratibu. Mapigo yakienda mbio muda huo haupo, damu inarudi nyuma, na maji yanaanza kujaa mapafuni. Ndiyo maana mwanamke aliyekuwa "mzima" miaka yote huanza kuzidiwa miezi ya katikati na ya mwisho, wakati wa uchungu, na hata saa chache baada ya kujifungua, pale kizazi kinapojikaza na kurudisha damu nyingi moyoni kwa pamoja. Mkunga asiyejua kwamba vali ina tatizo anafunga kitabu wakati hasa wa kukifungua.

Mwezi wa saba wa mimba mdogo wangu alianza kulala ameketi, mito mgongoni. Alikohoa usiku, akainuka kutafuta hewa dirishani. Zahanati ikaandika pumu, akapewa dawa ya kuvuta. Dawa hiyo huharakisha mapigo ya moyo. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Wenye taaluma mnaona wenyewe kilichofuata. Usiku alipokohoa povu la rangi ya waridi tulimvusha kwa gari la jirani, na foleni ya feri, kwa rehema za Mungu, ilikuwa fupi.

Hospitalini walimwokoa. Daktari mmoja, binti mdogo tu, aliwaomba watu watulie, akasikiliza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kupita kiasi, kisha akauliza: "Mliwahi kuambiwa chochote kuhusu moyo wake?" Ripoti ilikuwepo, tena na jibu kamili. Ilikuwa kabatini, ng'ambo ya pili ya maji.

Mama yu hai. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, sasa anatambaa na kuangusha vikombe. Vali ya mama yake haikurudi ilivyokuwa.

4. Madhara hayaelezwi, na dawa hazina uhakika.

Chumba cha juu cha moyo kikibanwa kwa muda mrefu hutanuka, kikaanza kutetemeka badala ya kupiga. Damu hutuama humo, ikaganda, na bonge likipanda kichwani ndicho kiharusi. Tumezoea kukiona kiharusi kama ugonjwa wa wazee wenye presha. Kwa mwenye vali ya namna hii kinaweza kumpata akiwa na miaka thelathini. Mdogo wangu sasa anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo ikiwa ndogo haimkingi, ikizidi anavuja damu, na kwa hiyo anahitaji kupimwa kuganda kwa damu mara kwa mara. Kipimo hicho hakipo zahanati. Huvuka feri kukifuata. Hakuna aliyemweleza kwamba mboga za majani akila nyingi wiki hii na asile wiki ijayo zitabadili kazi ya dawa. Kwamba warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, aliambiwa na mgonjwa mwenzake kwenye benchi. Ramadhani inapokaribia, amuulize nani kama afunge?

Kuna na maambukizi ya vali yenyewe. Bakteria wakiingia kwenye damu, mara nyingi kupitia meno na ufizi ulioharibika, hupenda kujishikiza kwenye vali yenye kasoro na kuitafuna. Dalili yake ni homa isiyoisha, jasho la usiku, kukonda. Na sisi Mombasa homa isiyoisha tunaijibu kwa duka la dawa: vidonge vya siku mbili, vikiisha vingine. Damu ikija kuoteshwa maabara baada ya hapo, bakteria hawaonekani kwa sababu wamefichwa na vidonge nusunusu. Ilitosha mwenye kasoro ya vali apewe kadi yenye mistari michache: nina ugonjwa wa vali, nikiwa na homa, nitolewe damu ya kuoteshwa kabla ya antibiotiki. Kadi kama ya chanjo. Gharama yake ni wino.

Ama ile sindano ya penisilini, siku moja ipo, siku nyingine tunaambiwa ikanunuliwe nje. Tukiinunua, mhudumu anaogopa kuidunga asije akalaumiwa mgonjwa akipata mzio. Hofu hiyo naielewa, na dawa yake ni mafunzo na kisanduku cha dharura kilicho kamili, chenye adrenalini. Sindano inauma, hilo kila mtu analijua, lakini kuichanganya na dawa ya ganzi ni jambo linalokubalika kitabibu na huwafanya watoto wasiikimbie.

5. Wazee na familia.

Nitakuwa mfupi. Vali ya aota hukakamaa kwa umri, na dalili zake ni kifua kubana, kuishiwa pumzi na kuzimia mtu akijitahidi. Kwetu haya huitwa uzee. Mzee akianguka akienda msikitini alfajiri, tunamsimamisha, tunampa maji, basi. Tena kati ya kila watu 100, mmoja au wawili huzaliwa na vali ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu. Wengi hawajui mpaka utu uzimani, na kwa kuwa jambo hili huenda katika familia, akipatikana mmoja inapasa wazazi, ndugu na watoto wake watazamwe. Sijamwona aliyeambiwa alete ndugu zake.

Waheshimiwa, majibu yenu nayajua, mengine nimeshapewa uso kwa uso.

Mtasema mashine za eko ni ghali. Zile kubwa ni ghali, kweli. Lakini sasa ziko za mkononi, zinazounganishwa na simu au tabuleti, na kazi yake ni kuchuja: huyu apelekwe mbele, huyu arudi nyumbani. Mtasema mashine ya kutazama mimba tayari ipo. Ipo, ila kichwa chake hakikutengenezwa kwa ajili ya kupenya kati ya mbavu na kufuata kitu kinachokwenda mbio, kwa hiyo msituandikie hiyo kwenye ripoti mkaihesabu kuwa mashine ya moyo.

Mtasema mabingwa wa moyo ni wachache, na walio wengi wako Nairobi. Ni kweli. Uganda nayo haina wengi, na huko wauguzi wamefundishwa kufanya eko ya kuchuja, bingwa akathibitisha baadaye. Bingwa mmoja akisoma picha za watoto waliokwisha kuchujwa muda wake unatosha. Muda wake unapotea anapoletewa mgonjwa aliyekwisha kuzama.

Mtasema kuna magonjwa makubwa zaidi. Sipingi malaria wala kifua kikuu. Lakini Mei 2018 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio huko Geneva la kuzitaka nchi zipambane na homa ya baridi yabisi na ugonjwa wa moyo unaotokana nayo, na Kenya ni mwanachama wa mkutano huo. Na kwa upande wa pesa, nyinyi wenyewe mnajua hesabu: vali iliyobana ikionekana mapema na ikiwa bado laini, mara nyingine inaweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Ikichelewa, ikawa ngumu na kuvuja, inabadilishwa kwa upasuaji, kisha warfarini ya maisha kama vali iliyowekwa ni ya chuma. Gharama ya safari hiyo ya pili tunaichanga sisi, kwenye makundi ya simu, mia kwa mia.

Mtasema wagonjwa hawarudi. Mpeni mtu tarehe kwanza.

Basi tunaomba haya:

(a) Kila zahanati na kituo cha afya cha umma katika kaunti ndogo zote sita kiwe na mahali pa faragha pa kusikilizia moyo: pazia zima, kitanda, na muuguzi mwanamke anapohitajika. Hili halihitaji bajeti ya mwaka ujao.

(b) Kila mjamzito, katika hudhurio lake la kwanza, aulizwe kuhusu viungo kuvimba utotoni na kuishiwa pumzi, asikilizwe moyo, na majibu yaandikwe ndani ya kijitabu chake. Mwenye shaka apelekwe eko kabla mimba haijawa kubwa, si baada ya kuzidiwa.

(c) Wauguzi na matabibu wafundishwe eko ya kuchuja, tukianzia kaunti ndogo moja. Naiomba Likoni, kwa kuwa maji yanatutenga na hospitali kubwa. Kisha wakachunguze shuleni. Mimi ni mwalimu, darasa nitalifungua.

(d) Pawe na daftari moja la wagonjwa wa vali, wakiwemo wenye kasoro ndogo, lenye tarehe ya kurudi na nambari ya simu, linaloonekana na kituo chochote cha umma ili ripoti isibaki ng'ambo. Ripoti ya eko ielezwe mgonjwa kwa Kiswahili, kwa maandishi.

(e) Benzathini penisilini isikosekane, na kisanduku cha dharura kiwe karibu na anayeidunga. Kipimo cha kuganda kwa damu kipatikane Likoni.

(f) Koo la mtoto litibiwe kama jambo la maana. Wahudumu wa afya ya jamii wawaambie wazazi kwamba koo lenye homa halinunuliwi vidonge vya maumivu likaachwa.

Pamoja na hayo, kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba nijibiwe kwa maandishi: ni mashine ngapi za eko ya moyo zinazofanya kazi katika vituo vya umma vya Mombasa leo, ni watu wangapi wanaozitumia, mgonjwa asiye na haraka hungoja muda gani, na ni kwa miezi mingapi mwaka uliopita vituo vilikosa benzathini penisilini. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na siwezi kujua kinachoweza kufikiwa bila kujua kilichopo. Sheria inawapa siku 21 za kujibu. Zikipita bila jibu nitapeleka suala hili kwa Tume ya Haki ya Utawala, na nakala ya barua hii itakwenda pamoja nalo.

Jibu naomba libandikwe pia kwenye ubao wa matangazo wa kila zahanati ya Likoni, kwa kuwa si mimi peke yangu ninayelingoja. Kufuli la sanduku la maoni likishindikana kufunguka, kuna fundi pale stendi ya matatu, anakata kwa bei ya kuelewana.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa shule ya msingi, mzazi na mkazi wa Mtongwe